Mlango Mmoja Hautoshi: Historia ya Kusomesha Watoto Wasiofanana





Tangu madrasa zetu zianze kusomesha kwa simu, malalamiko ni yale yale: "Mtoto anaingia darasani lakini hasemi kitu." Mwalimu anauliza, kimya. Anaita majina, kimya. Wengine humwona mtoto huyo mvivu, wengine huilaumu simu. Kabla hatujahukumu, tutazame historia, kwani tatizo la mwanafunzi aliyenyamaza ni la zamani kuliko intaneti.

MADINA

Mtume (s.a.w.) hakufundisha kwa njia moja. Swala aliifundisha kwa vitendo, akawataka Maswahaba waswali kama walivyomwona akiswali. Alipotaka kueleza ajali ya mwanadamu na matumaini yake marefu, alichora mistari ardhini. Mtu aliyeswali haraka haraka alirudishwa mara tatu, kisha akaelezwa hatua kwa hatua.

Wanafunzi wake nao walitofautiana. Abu Hurayra (r.a.) alitegemea kuhifadhi, na mwenyewe alieleza kuwa Abdullah bin Amr (r.a.) alikuwa akiandika, ilhali yeye haandiki. Hadithi zimetufikia kwa njia zote mbili.

Imamu Bukhari amepokea kisa kingine kinachotuhusu sana. Siku moja Mtume (s.a.w.) aliwauliza Maswahaba ni mti gani usiopukutika majani, nao umefanana na Muislamu. Watu wakawazia miti ya jangwani. Abdullah bin Umar (r.a.), kijana mdogo kati yao, alijua moyoni kuwa ni mtende, lakini akawaona wakubwa wamenyamaza, akaona haya. Baadaye alipomweleza baba yake, Sayyidna Umar (r.a.) alisikitika kuwa mwanawe hakusema. Basi mzazi, usidhani kila aliyenyamaza hajui!

Vilevile wanawake walimlalamikia Mtume (s.a.w.) kuwa wanaume wamewazidi katika kukaa naye. Hakuwaambia wasukumane nao. Aliwatengea siku yao.

BUGANDA

Kwetu Uganda, Uislamu ulifika Buganda kwa njia ya mazungumzo. Mwaka 1844 mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alimkabili Kabaka Suuna II kwa hoja: watu unaowaua wameumbwa na Mungu aliyekuumba wewe. Suuna aliuliza, akajibiwa, na hatimaye akajifunza baadhi ya sura. Kabaka Mutesa I naye alijifunza herufi za Kiarabu, na kuanzia 1867 Ramadhani ikafungwa katika kasri lake. Hadi leo Kiganda kinatukumbusha zama hizo: neno "okusoma" lilikuja kumaanisha kusoma na pia kushika dini, na waumini wakaitwa "abasomi".

Mwaka 1876 vijana wa Kiislamu wa kasri walikataa nyama ya Kabaka na kukataa kuswali nyuma yake, kwa kuwa hakuwa ametahiriwa. Wengi wao waliuawa Namugongo. Hawa hawakuwa wanafunzi wa kukariri tu. Elimu iliwaingia hata wakaweza kusema mbele ya mfalme.

Baada ya hapo zikaja shule za wamisionari. Waanglikana walifika 1877 na Wakatoliki 1879, na kwa miongo mingi elimu ya shule ilipitia makanisani. Wazazi wengi wa Kiislamu walihofia dini ya watoto wao, wakawazuia. Matokeo yake Waislamu wakabaki nyuma katika kazi za serikali na taaluma, mpaka Mwanamfalme Badru Kakungulu na wenzake walipoongoza juhudi za kuwa na shule zetu wenyewe, Kibuli ikiwa kitovu. Hilo ni somo chungu: mlango ukiwa mmoja, na mtoto akashindwa kuupita, hasara huifikia jamii nzima.

LAMU

Mwalimu mwingine wa kukumbukwa ni Habib Saleh, Sharifu aliyetoka Ngazija akahamia Lamu katika karne ya 19. Aliwapokea watu walionyimwa nafasi katika elimu, wakiwemo watumwa na wajukuu wa watumwa. Aliwasomesha darsa, na pia akawavuta kwa kasida, matari na maulidi. Msikiti wake wa Riyadha, uliojengwa karibu na 1900, ukawa chuo kilichojulikana pwani yote. Hukumu ya maulidi tuwaachie masheikh wajadili. Hapa tunatazama ualimu wake: aliwaendea watu pale walipokuwa, akawafikisha kwenye kitabu.

UGANDA, 2020 HADI 2022

Machi 2020 shule zote zilifungwa kwa sababu ya korona, na misikiti na madrasa pia. Wanafunzi wapatao milioni 15 walibaki nyumbani. Baadhi ya madarasa yalirudi kuanzia Oktoba 2020, yakafungwa tena Juni 2021, na shule zikafunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Hakuna nchi iliyofunga shule kwa muda mrefu kuliko yetu.

Serikali ilitumia redio, televisheni na vitabu vya kujisomea. Walimu wengi tuliingia Zoom na WhatsApp. Lakini bando ni ghali, na simu ya nyumba ni moja, tena baba huondoka nayo asubuhi. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mtoto ambaye somo lake lilikuwa kwenye simu tu alibaki mikono mitupu. Shule zilipofunguliwa, wako ambao hawakurudi kabisa: wasichana waliokwisha kuwa mama, wavulana waliokwisha kuzoea kazi za kibarua.

TAHADHARI

Wengi wamesikia kuwa kuna mtoto wa kuona, mtoto wa kusikia na mtoto wa vitendo, na kila mmoja afundishwe kwa mtindo wake peke yake. Mwaka 2008 Harold Pashler na wataalamu wenzake walipitia tafiti za jambo hili, wakakuta ushahidi wa kutosha haupo. Kwa hiyo tusimbandike mtoto jina tukamfungia humo. Ukisema "huyu ni wa kusikia tu", umemnyima kalamu. Kinachofaa ni somo lile lile lipite njia nyingi kwa watoto wote. Tajwidi lazima isikiwe, herufi lazima iandikwe, na udhu lazima utendwe kwa maji.

TUFANYE NINI?

1. Mwalimu aulize, kisha asubiri. Aliye na haya atume jibu kwa maandishi au kwa ujumbe wa sauti.

2. Wadogo waulizwe kwanza, kabla ya wakubwa. Kumbuka kisa cha mtende.

3. Watoto wagawanywe katika makundi madogo, na wasichana watengewe muda wao wakihitaji.

4. Kila somo liwe na kazi isiyohitaji bando: kuandika ubaoni au daftarini, kumsomea bibi sura, kumwonyesha mama namna ya kutayamamu.

5. Mzazi asimjibie mtoto. Akae karibu, lakini amwache akosee na arekebishwe. Tena asimkemee mbele ya wenzake, kwani mtoto aliyeaibishwa leo, kesho hatafungua kipaza sauti.

Ndugu zangu, hapa Mbuya watoto wetu wanatoka nyumba tofauti: nyumba za askari, za wachuuzi, za wafanyakazi wa ofisini. Wako wenye kompyuta, na wako wanaosubiri simu ya jirani. Wote ni amana, na tutaulizwa juu yao. Leo jioni, badala ya kumuuliza mwanao "Umeingia darasani?", muulize "Umesema nini darasani?" Akinyamaza, mtafutie mlango mwingine.

Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu elimu yenye manufaa, na atujaalie sisi wazazi na walimu subira. Amin.

Wabillahi tawfiq.