Muuguzi wa Tarehe 12 Februari

Mtu aliyewahi kusimama Kaboya, wilayani Muleba, penye makaburi ya askari wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979, anajua kwamba jiwe la kumbukumbu husema machache: jina, cheo, pengine tarehe. Mengine hukaa vinywani mwa wazee, nao wakiondoka, jiwe hubaki peke yake. Ndivyo ilivyowapata wauguzi wa Vita Kuu ya Pili waliopanda meli Mombasa mwaka 1944. Katika vijiji kadhaa vya Uingereza jina la mwanamke mmoja limechongwa katikati ya majina ya wanaume, na wapitao hawajui alikuwa nani wala alifia wapi.

Anayemtafuta mwanamke huyo huanza na tarehe. Ikiwa ni 12 Februari 1944, karibu hakika njia itamleta Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa mwezi huo msafara wa meli tano za kuchukua askari, pamoja na manowari za kuzilinda, uling'oa nanga Kilindini kuelekea Colombo, katika kisiwa cha Silani, yaani Sri Lanka ya leo. Moja ya meli hizo, Khedive Ismail, ilichukua watu zaidi ya 1,500: wauguzi 53 na matroni wao, wanawake wengine wa jeshi, mabaharia, na karibu watu 1,000 wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki. Alasiri ya Jumamosi hiyo, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topedo mbili. Meli ilizama kwa muda wa dakika tatu hivi. Walikufa watu 1,297, wakiwamo wanawake 77. Wanawake waliookolewa walikuwa 6 tu.

Lililofuata ni zito kulisimulia. Nyambizi ilijificha chini ya mahali pale pale walipokuwa wakielea walionusurika. Manowari Paladin ilikuwa imeanza kuwaopoa; mwenzake Petard ikatupa mabomu ya kulipuka chini ya maji, na baadhi ya walionusurika wakafa kwayo. Mwishowe nyambizi iliibuka, ikapigwa, ikazama. Wapo waliolaumu amri ile. Lakini meli nne zilizosalia zilibeba maelfu ya watu, na haifai kuhukumu upesi mkiwa mmeketi nchi kavu.

Ajabu ni jinsi kumbukumbu inavyochagua watu wake. Ndani ya meli ile alikuwamo mwandishi wa habari Kenneth Gandar-Dower, ambaye hata leo hutajwa kwa sababu mwaka 1937 aliwashindanisha mbio duma jijini London. Wauguzi hawakuwa na duma. Majina yao yako kwenye mnara wa Brookwood, Uingereza, pamoja na wengine wengi wasio na kaburi linalojulikana.

Hata hivyo utafutaji ukiishia Brookwood umefika nusu ya njia. Waliozama pamoja na muuguzi yule, tena kwa wingi kuliko wote, ni vijana wa Afrika Mashariki, na hao wameandikwa Nairobi, katika makaburi ya vita kando ya Barabara ya Ngong, kwenye Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki. Familia ya Kihanga, au ya penginepo Karagwe, ambayo babu yake alikwenda Keya asirudi, isikate tamaa ikikosa jina lake mara ya kwanza. Makarani wa jeshi waliandika majina kama walivyoyasikia: mmoja aliandikwa kwa jina la baba, mwingine kwa jina la ubatizo, mwingine kwa herufi ambazo mama yake asingezitambua. Hapo vitabu vya ubatizo vya usharika husaidia, maana huliweka jina la mtoto kando ya majina ya wazazi wake. Vifunguliwe kwanza, ndipo majina yote yapelekwe Nairobi na kutafutwa moja baada ya jingine.