Kupatia si kujua

Wiki hii naomba tuweke siasa kando kidogo, tuzungumzie ule mraba wa namba unaochapwa katika kurasa za nyuma za magazeti, uitwao sudoku. Wengi huuruka wakidhani ni hesabu. La hasha! Humo hakuna kujumlisha wala kutoa. Ni vijumba 81, yaani mistari tisa ya kulala na tisa ya kusimama, iliyogawanywa pia katika maboksi tisa. Namba 1 hadi 9 zikae zote katika kila mstari na katika kila boksi, bila kurudiwa. Ungeweza kuweka majina ya matunda tisa badala ya namba, na mchezo usibadilike hata chembe.

Sasa wapo ambao wakifika pagumu huotea: "Tuweke saba hapa, tuone." Ikikubali, hutembea kifua mbele. Kwa maoni yangu hao wamepata jibu, lakini fumbo wameliacha palepale. Na mzozo huu wa kupatia na kujua ni mkongwe kuliko sudoku yenyewe.

Mwaka 1782 yalichapishwa maandishi ya Leonhard Euler, Mswisi aliyefanya kazi miaka mingi huko St Petersburg, Urusi, na ambaye uzeeni alikuwa karibu kipofu kabisa. Swali lake lilivaa sare za jeshi. Wapo maofisa 36 kutoka vikosi sita, na kila kikosi kimetoa maofisa sita wenye vyeo sita tofauti. Je, wanaweza kupangwa katika mraba wa sita kwa sita, ili kila mstari, wa kulala na wa kusimama, uwe na ofisa mmoja wa kila kikosi na mmoja wa kila cheo? Euler alijaribu, akashindwa, akasema haiwezekani. Tena akaongeza kwamba haitawezekana kwa mraba wa kumi kwa kumi, wala wa 14, wala wa 18, na kuendelea kwa kuruka nne nne. Uthibitisho kamili hakuwa nao. Lakini alikuwa Euler, na nani angembishia?

Mwaka 1901 Gaston Tarry, Mfaransa aliyefanya kazi katika idara ya fedha ya wakoloni huko Algeria, aliipekua namna zote za mraba wa sita, fungu kwa fungu, akathibitisha kwamba kweli haiwezekani. Hapo mzee alipatia. Kisha mwaka 1959 wanahesabu wawili wazaliwa wa India, R. C. Bose na S. S. Shrikhande, walipanga mraba wa 22, na Mmarekani E. T. Parker akapanga ule wa kumi. Habari ikatokea ukurasa wa kwanza wa gazeti la New York Times. Mwaka uliofuata watatu hao walionyesha kwamba, ukiacha mraba wa mbili na wa sita, miraba mingine yote mikubwa kuliko hiyo inapangika. Miaka 177 watu walikuwa wamebeba neno la mkubwa bila hati!

Miraba ya namna hiyo ndiyo babu wa sudoku. Anayeaminika kuitunga sudoku yenyewe ni Howard Garns, msanifu majengo mstaafu wa Indianapolis, Marekani. Magazeti ya mafumbo ya Dell yaliichapa mwaka 1979, jina lake likiwa halipo kando ya fumbo. Alifariki mwaka 1989. Wajapani wa kampuni ya Nikoli waliichukua mwaka 1984 wakaipa jina, na jaji mstaafu Wayne Gould, mzaliwa wa New Zealand, akaandika programu ya kompyuta ya kuitunga, akaifikisha kwenye gazeti la The Times la London mwaka 2004. Mengine mnayajua.

Turudi kwenye pale pagumu. Chukua namba 7. Katika mstari wa pili wa kulala, 7 inaweza kukaa vijumba viwili tu, cha tatu au cha nane. Shuka mstari wa sita, unakuta vilevile, cha tatu au cha nane. Huelewi iko wapi. Lakini ikiwa ya mstari wa pili iko cha tatu, ya mstari wa sita haina budi kuwa cha nane, na kinyume chake. Vyovyote iwavyo, mstari wa kusimama wa tatu na ule wa nane imekwisha kupata 7 zake humo. Basi futa 7 katika vijumba vingine vyote vya mistari hiyo miwili ya kusimama. Umepata la hakika kutokana na lile usilolijua, na hukuotea! Mbinu hii inaitwa X-Wing, jina la chombo cha kivita katika sinema ya Star Wars.

Iko hila nyingine inayowagombanisha mabingwa. Vijumba vinne vya pembe za mstatili, vilivyomo katika maboksi mawili, vikibakiwa na 2 na 5 tu, namba hizo zingeweza kubadilishana nafasi, na fumbo likawa na majibu mawili. Mtungaji ameahidi jibu moja, kwa hiyo, wanasema, hali hiyo haiwezi kutokea. Hoja hiyo ni ya haraka na hufaulu. Mimi siipendi, maana ni kumtegemea tena mkubwa badala ya kusoma yaliyomo ubaoni.

Na hata ahadi ya jibu moja ina mpaka wake. Kwa miaka mingi yalikuwapo mafumbo yenye namba 17 tu za kuanzia, lakini la namba 16 halikuonekana. Mwaka 2012 Gary McGuire na wenzake wa Dublin, Ireland, waliipekua kwa kompyuta miraba yote iliyo tofauti kweli kweli, 5,472,730,538, kazi ya takriban saa milioni 7.1 lau ingefanywa na prosesa moja. Fumbo la namba 16 lenye jibu moja hawakulikuta. Ndiyo kazi ileile ya Tarry, safari hii kwa mashine. Mashine imesema 16 hazitoshi. Kwa nini ziwe 17, haikusema.