Heroini: Takwimu zatangulia tiba

Methadoni ni dawa inayotuliza makali ya kuikosa heroini, yaitwayo arosto mitaani. Mraibu huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Kenya iliianza katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014.

Takwimu zilitangulia. Utafiti wa Nairobi wa 2010 na 2011 ulionyesha kuwa asilimia 18.3 ya wanaojidunga walikuwa na virusi vya Ukimwi. Kiwango cha kitaifa mwaka 2012 kilikuwa asilimia 5.6.

Nakuru, kilomita 160 hivi kutoka Nairobi, haiwezi kuitegemea Mathari. Nani atamudu nauli hiyo kila siku? Rejista za hospitali zaweza kudhihirisha mahitaji, mradi ziandikwe sawasawa: aliyezidisha heroini akiandikwa kuwa alishindwa kupumua tu, heroini haionekani. Rejista ya methadoni nayo hufichua siku alizokosa mraibu. Akikosa kadhaa mfululizo, dozi hupunguzwa, kwani mwili umepoteza uzoefu na kipimo cha awali chaweza kumuua.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 huhesabu habari za afya kuwa nyeti. Si jambo dogo kwa mraibu anayehofia jina lake kuwafikia polisi.