Mollel na Laizer: Jina la Ukoo au Jina la Mwisho?

Miongoni mwa istilahi ambazo wafasiri wa fomu za serikali huzipitisha bila kuzitazama mara mbili ni "jina la ukoo". Huandikwa palipotakiwa jina la mwisho la mtu, na kwa kawaida haizui ubishi. Lakini mjini Arusha na katika miteremko ya Mlima Meru, watu wengi hulijibu swali hilo kama lilivyoulizwa.

Mollel ni jina la ukoo kwa maana kamili. Latokana na Ilmolelian, mmojawapo wa koo za Wamaasai na Waarusha; Laizer nalo latokana na Ilaiser. Kwa hiyo Tololwa Mollel, mwandishi wa vitabu vya watoto aliyezaliwa mwaka 1952, na Godwin Mollel, daktari aliyeteuliwa Naibu Waziri wa Afya mwaka 2020, hawawi ndugu wa nyumba moja kwa sababu ya jina tu.

Tahajia yaongeza tatizo. Askofu Thomas Laiser wa Dayosisi ya Kaskazini Kati ya KKKT, aliyefariki mwaka 2013, aliandikwa kwa s. Saniniu Laizer, mchimbaji wa Mirerani aliyeiuzia Serikali mawe mawili ya tanzaniti mwezi Juni 2020, moja likiwa na kilo 9.27, huandikwa kwa z. Asili ya jina ni moja. Karani mwenye hati mbili za shamba mkononi, moja ya Laiser na nyingine ya Laizer, aamue nini? Herufi hiyo moja yaweza kumchelewesha mrithi miezi mingi.

Pwani mambo ni kinyume. Juma Ali Hamisi akiulizwa jina la ukoo hutaja la babu yake, maana ndilo alilo nalo. (Wajapani wa kawaida walilazimishwa na sheria kuwa na majina ya aina hii mwaka 1875, na Tanaka, lililoenea sana, lahusu shamba la mpunga tu.)

Wako wanaopendekeza "ubini". Neno ni zuri, lakini limebeba "bin" ndani yake, na Mollel si baba wa mtu yeyote. Sisi twaona afadhali fomu ziseme "jina la mwisho", na "jina la ukoo" liachwe kwa mahali ambapo ukoo wenyewe ndio unaoulizwa, kama katika mashauri ya mirathi na ardhi.