Majengo Kwanza, Wauguzi Baadaye: Historia ya Uuguzi Kisiwani Mafia

Mwaka 1913 Wajerumani waliyahamisha makao yao ya utawala wa Mafia kutoka kisiwa kidogo cha Chole wakayapeleka Kilindoni, ambako meli ziliweza kutia nanga kwenye maji ya kina. Walikuwa wakifikiria nazi, forodha na meli. Mgonjwa hakuwamo katika hesabu zao. Hata hivyo, uamuzi ule ndio unaomwongoza mgonjwa wa Mafia mpaka leo, kwa kuwa hospitali ya wilaya iko Kilindoni, na anayezidiwa Bweni kwenye ncha ya kaskazini, au Juani na Jibondo ng'ambo ya maji, hana budi kuifuata huko huko. Mtu wa Jibondo hupanda mashua kwanza, na mashua haing'oi nanga kabla nahodha hajatazama maji na upepo.

Tukiandika historia ya tiba nchini kwetu, huwa tunaandika majengo na maradhi: zahanati ngapi zilifunguliwa, ugonjwa gani ulitokomezwa. Hapa nataka kumfuata muuguzi. Nikiitazama karne ya Mafia na ya nchi nzima iliyofuata 1913, naona kila utawala ulianza kuhesabu mapaa, kisha kwa kuchelewa sana ukauliza nani atakesha chini ya paa hilo usiku.

Kabla ya boma la Wajerumani, na miaka mingi baada yake, mgonjwa wa kisiwani aliuguzwa nyumbani. Mzazi alikuwa na mkunga wake, bibi wa kijijini anayemjua tangu utoto, ambaye akiitwa alikuja akakaa kitako mpaka mtoto apokewe. Alimkanda mzazi kwa maji ya moto, akasimamia uji wa pilipili manga, na siku arobaini hazikupita bila jicho lake. Usalama ulikuwa mdogo. Damu isiyokatika, kondo lililogoma kutoka na mtoto aliyelala vibaya tumboni viliwaua wanawake wengi ambao leo wangepona. Lakini mkunga yule alikuwa na mzazi mmoja kwa usiku mmoja. Hapo ndipo penye tofauti kubwa kati ya kuuguzwa nyumbani na kuuguzwa wodini, na ndipo watunga sera wanapopapita haraka.

Waingereza walikiteka kisiwa Januari 1915, wakakitumia kuisaka manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji, na mwaka 1922 kikawa sehemu ya Tanganyika. Huduma ya afya waliyoipeleka vijijini ilianza na dresa. Katikati ya miaka ya 1920 mkuu wa idara ya tiba, John Shircore, alianzisha utaratibu wa kuwachukua vijana wa kienyeji, kuwapa mafunzo mafupi na kuwarudisha kwao waendeshe zahanati ndogo chini ya mamlaka ya wenyeji. Dresa aliosha vidonda, akafunga bendeji, akagawa dawa za homa na za tumbo, akaandika daftari. Alikuwa mtu mmoja mwenye mafunzo haba na kazi tele. Serikali ilimpenda kwa sababu alikuwa rahisi kumlipa. Mtindo huo wa kumwachia mtu mmoja kituo kizima haukuondoka na bendera ya mkoloni.

Wauguzi wenye mafunzo kamili walichelewa. Kusini mwa nchi misheni ya Kianglikana ya UMCA ndiyo iliyotangulia: Leader Stirling, daktari Mwingereza aliyefika huko mwaka 1935, alifundisha wauguzi Lulindi wakati ambapo wasichana wa Kiafrika waliovaa sare ya nesi walikuwa wachache mno. Baadaye Stirling aliifanya Tanzania nchi yake, akawa Waziri wa Afya kuanzia 1975. Sheria ya kuwasajili wauguzi na wakunga ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1950, na hospitali kubwa ya Princess Margaret, ambayo leo ni Muhimbili, ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1956. Uhuru ulipofika mwaka 1961 Tanganyika ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Kwa hiyo tunaposema hospitali za wakati ule zilitibu watu, tujue mikono iliyowagusa wagonjwa hao, kuanzia asubuhi mpaka asubuhi, ilikuwa ya wauguzi, madresa na wahudumu.

Kwa bahati nzuri Mafia ilipata shahidi. Mwanaanthropolojia Pat Caplan alifika kijiji cha Kanga, kaskazini mwa kisiwa, mwaka 1965, na kwa miongo kadhaa amekuwa akirudi. Mwaka 1995 alichapisha uchunguzi mzima kuhusu mimba moja iliyokuwa ngumu huko kaskazini. Napenda namna hiyo ya kufanya kazi. Takwimu za taifa hutuambia wangapi wamekufa. Kumfuata mwanamke mmoja kunatuonyesha maamuzi yanayofanywa na nani, nauli inatoka wapi, na safari ya Kilindoni inaamuliwa saa ngapi.

Baada ya Azimio la Arusha, na hasa kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali iligeukia vijijini kwa dhati. Zahanati nchini ziliongezeka kutoka karibu 975 wakati wa Uhuru hadi karibu 2,600 mwaka 1980, na vituo vya afya kutoka 22 hadi 239. Zilijengwa shule za wahudumu wa afya ya mama na mtoto, na msichana aliyemaliza darasa la saba aliweza kurudi kijijini akijua kupima mimba, kuchanja watoto na kuzalisha. Kwa mama wa Mafia kadi ya kliniki ikawa kitu cha kawaida. Hicho kilikuwa kipindi cha heshima kwa kada hii, na sioni haya kukisifia. Ila hata wakati huo hesabu iliyosomwa bungeni ilikuwa ya vituo. Zahanati mpya ilihesabiwa siku ya kufunguliwa, hata kama aliyepangiwa kuihudumia alikuwa peke yake.

Kisha uchumi ukayumba. Baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, serikali ilibana matumizi, na katika miaka ya 1990 ajira mpya serikalini zikasimamishwa. Mwaka 1993 wananchi wakaanza kuchangia gharama za matibabu. Miaka hiyo hiyo UKIMWI ulijaza wodi. Vyuo vilitoa wauguzi waliokaa mitaani bila barua ya ajira, huku waliomo kazini wakizeeka na kustaafu bila wa kuwapokea. Mjamzito akaanza kwenda kujifungua na beseni lake: glovu, pamba, uzi, wembe, kanga safi. Nesi aliyeuliza "Glovu umekuja nazo?" alionekana mtu mwenye roho mbaya. Alikuwa anauliza kwa sababu kabati lilikuwa tupu na damu ilikuwa inatisha. Nadhani hapo ndipo sifa ya nesi mkali iliposhika mizizi katika hospitali zetu, kwa maana yeye ndiye aliyewekwa mlangoni kutangaza uhaba ambao hakuusababisha.

Makaratasi nayo yakaongezeka. Mfumo wa takwimu za afya uitwao MTUHA ulioenea nchini miaka ya 1990 ulileta vitabu vikubwa vyenye mistari mirefu: cha wajawazito, cha watoto, cha leba, cha waliokwisha kujifungua. Vina faida, maana bila hivyo wilaya haijui iagize chanjo ngapi. Lakini anayevijaza ni yule yule anayepima, anayechoma sindano na anayefagia damu, na mwisho wa mwezi jumla zinatakiwa.

Mafia imewahi kuonyesha kwamba watu wachache wakipangwa vizuri wanafanya makubwa. Mpango wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha ulianza kugawa dawa mwaka 2000 hapa hapa Mafia, kisiwa kilichokuwa kimeteseka sana na ugonjwa huo. Dozi ya ivermectin ilikadiriwa kwa urefu wa mtu, kwa hiyo mgawa dawa alipita nyumba kwa nyumba na kijiti cha kupimia. Mpango huo uliongozwa na Dk. Mwele Malecela, aliyefariki mwaka 2022 akiwa anaongoza idara ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele katika Shirika la Afya Duniani. Kazi ilikuwa na mpaka unaojulikana, vifaa vilikuwepo, na kila aliyetumwa alijua afanye nini siku hiyo. Muuguzi wa wodini hana bahati hiyo.

Itazame leba ya usiku katika hospitali ya wilaya. Mmoja chupa imepasuka. Wa pili yuko sentimita nane. Wa tatu alijifungua magharibi na damu bado haijatulia. Wa nne ndiyo kwanza anateremshwa kwenye bodaboda. Utaratibu unasema kila mwenye uchungu uliokolea asikilizwe mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa na yaandikwe kwenye patografu, yaani chati ya maendeleo ya uchungu, apimwe njia na presha kila baada ya saa nne. Watatu wenye uchungu wakibaki hivyo usiku kucha, kusikiliza mapigo peke yake ni mara 72 katika zamu ya saa 12, kabla mtoto mwingine hajapokewa. Nesi akiwa mmoja, patografu itajazwa alfajiri kwa kukumbuka, na anayeita "Sista! Sista!" kutoka kitanda cha mwisho atajibiwa kwa ukali au hatajibiwa.

Mzazi anayetukanwa ameonewa, na uchovu haumpi mtu ruhusa ya kumpiga mwanamke mapaja. Watafiti wa mradi wa Staha walipowauliza wanawake wa Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, takriban 19% walisema wametendewa vibaya walipohojiwa wakitoka kituoni. Walipofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, wakiwa mbali na masikio ya wahudumu, ikafika 28%. Hata kusema ukweli kunahitaji umbali. Kilichonigusa zaidi ni hatua zilizofuata. Wananchi na watumishi walikaa pamoja wakaandika walichokubaliana, wagonjwa wakawa wanaulizwa maoni kila mara, mapazia yakatundikwa, na watumishi wakapatiwa chai. Malalamiko yalipungua sana. Pazia na chai si vitu vya mfadhili mkubwa.

Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi ulioanza mwaka 2007 uliahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Kuta zikapanda tena kwa kasi kuliko barua za ajira. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti ukawaondoa serikalini watumishi zaidi ya 9,900, na sekta ya afya haikusalimika. Udanganyifu ulistahili kukomeshwa, lakini pengo lililoachwa lilimwangukia aliyebaki kwenye zamu. Wakati huo huo watu wa Mafia wanaongezeka: 40,801 katika sensa ya 2002, 46,438 mwaka 2012, na zaidi ya 66,000 mwaka 2022.

Yapo ya kushukuru. Vifo vya uzazi nchini vilikadiriwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16, na utafiti wa 2022 ukakadiria 104. Huduma ya usafiri wa dharura ya m-mama, inayopigiwa namba 115, ilizinduliwa kitaifa mwaka huo wa 2022. Kivuko cha serikali kinafanya safari kati ya Kilindoni na Nyamisati, upande wa bara, safari ambayo zamani abiria, mzima kwa mgonjwa, aliifanya kwa majahazi na boti za watu binafsi.

Kisiwa, hata hivyo, kina hesabu yake. Miongozo ya ikama imekuwa ikitaka watumishi wasiopungua 15 kwa zahanati na 39 kwa kituo cha afya, ikipima kwa ngazi ya kituo, si kwa mahali kilipo. Muuguzi wa Kibaha akimsindikiza mgonjwa wa rufaa hadi Tumbi, hurudi kumalizia zamu. Wa Mafia akimsindikiza mama anayetoka damu hadi Nyamisati, kisha barabara ya Kibiti mpaka Dar es Salaam, huenda asirudi kesho wala keshokutwa, kwa sababu kusi limechafuka au chombo kimejaa, na siku zote hizo wodi aliyoiacha inahesabiwa kwamba ina mtu. Halmashauri inapopeleka maombi ya ikama mpya, muuguzi aliyeko baharini anapaswa kuandikwa kwenye safu yake mwenyewe, na wa kushika nafasi yake wodini aombewe ajira.