Nani Anyeshaye Mvua?

Kitenzi tunachokitumia kila masika kina siri ndani yake. Wazee wetu walisema "mvua yanya". Sisi wa leo, kwa kuwa adabu imelitenga neno hilo la asili, tunasema "mvua inanyesha". Lakini kunyesha si kunya. Ndani ya kunyesha mna kiambishi cha kusababisha, kile kile kilichomo katika kulisha, kuvusha na kunywesha. Alishaye yupo na alishwaye yupo. Basi anyeshaye ni nani? Kwa muumini jibu halina utata, na ndiyo maana ukame ukizidi watu hutoka uwanjani kusali sala ya kuomba mvua. Hata hivyo, tangu mwaka 1946 binadamu naye amedai nafasi katika kiambishi hicho. Makala haya yanalifuata dai lake, hasa lilipofika Afrika Mashariki, ili tuone jambo moja: ugumu mkubwa wa elimu hii haukuwa kuliamrisha wingu, bali kuthibitisha kwamba wingu limetii.

Nayaandika haya nikiwa Kizimkazi, na mahali penyewe ni mwalimu mzuri wa somo hili. Hapa kusini ya Unguja hapana mto. Ardhi ni mawe ya matumbawe, na mvua ikinyesha maji huzama papo hapo, yakaenda kukaa chini ya ardhi, yakielea juu ya maji ya bahari kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Mwenye kuchimba kisima akivuta kwa pupa, chumvi humpandia. Kwa sababu hiyo watu wa hapa hawajapata kuidharau mvua. Msikiti wa Dimbani, wenye maandishi ya Kufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia, umesimama kati ya watu walioihesabu miaka yao kwa kaskazi na kusi, kwa masika na vuli, na waliojua kwamba dalili ya mvua ni mawingu.

Methali hiyo tunaifundisha watoto skuli kama fumbo, ilhali kwa wanaoshughulika na mvua ya kutengeneza ni sheria. Mtu hawezi kuitoa mvua mahali pasipo na wingu. Wingu ni matone madogo mno ya maji, na kiasi cha matone milioni moja hayana budi kuungana ili lipatikane tone moja la mvua lenye uzito wa kuanguka. Haba na haba, kama tujuavyo, hujaza kibaba. Lakini haba za wingu zinahitaji kitu cha kuzikusanya. Kila tone lilianza kwa kushika chembe fulani: vumbi, moshi, au chumvi. Mawimbi yanapovunjika juu ya miamba ya pwani, mapovu hupasuka na kurusha chembe za chumvi hewani, na upepo huzipandisha. Bahari, basi, imekuwa ikiyapanda mawingu mbegu tangu kabla hajazaliwa mtu wa kuitazama.

Neno mbegu nimelitumia kwa makusudi, maana ndilo walilolichagua Waingereza na Wamarekani kwa kazi hii: kulitia wingu mbegu. Ilianza Julai 1946 katika maabara ya kampuni ya General Electric huko Schenectady, Marekani. Vincent Schaefer, ambaye hakuwa na shahada ya chuo kikuu, alikuwa akipuliza pumzi yake ndani ya sanduku la kugandishia ili apate wingu dogo. Maji ya wingu hilo yalikuwa baridi kuliko barafu, lakini hayakuganda, kwa kuwa maji safi yaliyo katika matone madogo yanaweza kubaki maji hata chini sana ya nyuzi sifuri. Siku moja ya joto alitia kipande cha barafu kavu, ile hewa ya ukaa iliyogandishwa, ili kuliongezea sanduku baridi. Mara moja pumzi yake ikageuka kuwa vumbi la theluji linalometameta. Tarehe 13 Novemba mwaka huo akapanda ndege na kulimwagia barafu kavu wingu la kweli katika jimbo la Massachusetts, na theluji ikaanguka kutoka wingu lile. Wakati huo huo mwenziwe, Bernard Vonnegut, akagundua kuwa iodidi ya fedha, ambayo fuwele zake zinafanana kwa umbo na za barafu, huyahadaa maji hayo yakaganda.

Habari hizo zilienea upesi, na hazikukawia kufika Tanganyika. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilikuwa imeanzisha Mpango wa Karanga, ikidhamiria kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Makao ya kwanza yalikuwa Kongwa, katika nyika ya Dodoma. Mashine ziliingia, miti ikang'olewa, karanga zikapandwa. Mvua ikawa haba, udongo ukakauka ukawa kama sakafu, na karanga zikakwama ndani yake. Mpango ukavunjwa mwaka 1951, baada ya kuteketeza kiasi cha pauni milioni 36.

Ni hapo hapo Kongwa, mwaka 1951 na 1952, ambapo Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki, chini ya mkurugenzi wake D. A. Davies, ilifanya majaribio ya kuichochea mvua. Mawingu ya kwetu mara nyingi hutoa mvua bila kupitia barafu, kwa hiyo haja si fuwele bali chumvi inayonyonya unyevu. Kwa hivyo wataalamu walisaga chumvi ikawa unga, wakaifunga pamoja na baruti, wakaining'iniza kwenye maputo ya haidrojeni na kuyaachia yapande yakalipuke mawinguni. Wakafanya juu ya nyika kile ambacho bahari hukifanya kila siku juu ya vichwa vyetu. Mwaka 1954 majaribio ya namna hiyo yakafanywa Mityana, Uganda. Davies mwenyewe aliondoka Nairobi mwaka 1955 kwenda kuwa Katibu Mkuu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, akakaa kwenye kiti hicho hadi 1979.

Je, mvua ya Kongwa ilitokana na maputo? Hapa ndipo penye fundo. Mvua ilipopatikana upande ulikoelekea upepo, wataalamu walitiwa moyo. Lakini wingu lililolipuliwa lilikuwa tayari wingu zuri, la kutamanika, na pengine lingenyesha hata kama pasingekuwa na mtu chini yake. Wingu halirudi jana ili tulione lingefanya nini lau tungeliacha. Hakuna mawingu mawili yaliyo sawa, na mvua ya kitropiki hubadilika mno kutoka siku moja hadi nyingine kiasi cha kulifunika ongezeko dogo. Njia pekee ya haki ni kupiga kura: mawingu yanayofaa yachaguliwe kwanza, kisha kura iamue lipi litiwe mbegu na lipi liachwe, na hesabu ifanywe kwa misimu mingi. Majaribio ya Kongwa na Mityana hayakuwa marefu kiasi hicho, nayo hayakutosha kulifunga shauri.

Mganga wa mvua naye alikuwa na fundo hilo hilo. Aliyejua kuzisoma dalili za miti, wadudu na upepo alianza kafara yake vuli ilipokaribia, na vuli ilipokuja akapewa mbuzi. Sisemi hivi kumdhihaki. Ukoo wa Nganyi huko Bunyore, magharibi ya Kenya, umesifika kwa kazi hiyo vizazi hata vizazi, na katika karne hii wataalamu wa hali ya hewa wa Kenya wamekaa nao wakalinganisha utabiri wao na wa mitambo. Nasema tu kwamba koti jeupe halimwondolei mtu mzigo wa ushahidi.

Baada ya mvua ikaja zamu ya mvua ya mawe. Kericho, penye mashamba makubwa ya chai, ni miongoni mwa mahali duniani panapoanguka mvua ya mawe kwa wingi kabisa, na jiwe moja dogo likitoboa jani changa, thamani yake imekwisha. Katika miaka ya 1960 wenye mashamba walianza kuyapiga mawingu kwa roketi za kulipuka, kisha wakaleta ndege za kuyatia iodidi ya fedha, kwa hoja kwamba mbegu zikiwa nyingi maji yatagawanyika na kila jiwe litakuwa dogo. Kazi iliendelea kwa misimu kadhaa. Mwaka 1982 Russell Schnell na mwenzake walichapisha uchunguzi wa ajabu: takataka za majani ya chai zilizolala chini ya michai zina chembe zenye nguvu ya kugandisha maji. Wakahisi kwamba nyayo za wachumaji, zikiyavuruga majani hayo kutwa, huzirusha chembe hizo hadi mawinguni. Ikiwa hisia hiyo ni sahihi, basi kampuni zililipa ndege kupambana na mbegu ambazo mashamba yenyewe yalikuwa yakizipanda.

Nguvu isiyothibitishwa haikosi wa kuitamani. Kuanzia 1967 hadi 1972 jeshi la Marekani liliyatia mbegu mawingu ya Vietnam na Laos kwa siri, ili matope yazizuie njia za adui. Siri ilipofichuka, Umoja wa Mataifa ukapitisha mkataba mwaka 1976, ulioanza kutumika 1978, wa kukataza mazingira kugeuzwa silaha.

Tanzania iliikumbuka tena mvua ya kutengeneza mwaka 2006, ukame ulipolishusha bwawa la Mtera na nchi ikaingia katika mgao wa umeme. Waziri Mkuu wa wakati huo, Edward Lowassa, aliigeukia Thailand, ambako Mfalme Bhumibol alikuwa ameanzisha kazi hiyo kwa majaribio ya mwaka 1969. Lakini mwishoni mwa 2006, kabla ya ndege yoyote ya kigeni kuyagusa mawingu yetu, mvua kubwa za El Niño zikanyesha Afrika Mashariki. Tafakari, msomaji: lau ndege zingewahi kwa mwezi mmoja, nani angeweza kumshawishi mwananchi kwamba mvua ile haikuwa kazi yao?

Swali hilo liliwagusa jamaa zetu wa Ghuba katika Aprili 2024. Falme za Kiarabu zimekuwa zikiyatia mawingu chumvi kwa ndege kwa miaka mingi, na Oman imejaribu mitambo ya kuchaji chembe za hewa katika milima ya Hajar. Mafuriko yalipoua watu Oman, wakiwemo watoto wa skuli, na siku mbili baadaye yakaizamisha Dubai, simu za Unguja zilijaa maneno kwamba wenyewe wamejitakia. Wataalamu walieleza vingine. Dhoruba ilikuwa kubwa, ilitabiriwa siku kadhaa kabla, na idara ya hali ya hewa ya Falme hizo ilisema haikurusha ndege za mbegu wakati wa dhoruba. Mbegu huongeza kidogo katika wingu lililopo. Haziumbi dhoruba ya kufunika nchi mbili. Sisi wa visiwani tungepaswa kulijua hilo kabla ya wengine, kwani tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliing'oa mikarafuu ya Unguja, wala hapakuwa na ndege duniani.

Kidogo hicho ni kiasi gani? Januari 2017, katika milima ya Idaho, Marekani, rada zilionyesha theluji ikijipanga kwa mistari ile ile iliyopitiwa na ndege. Kwa mara ya kwanza mkono wa binadamu ulionekana wazi ndani ya wingu, na baadaye maji yake yakapimwa. Lakini Israel, iliyosifiwa miaka mingi kwa ufanisi wake, ilifanya jaribio la kura kutoka 2013 hadi 2020 ikapata ongezeko lisilofika asilimia mbili, dogo mno kutenganishwa na bahati, ikaisimamisha kazi hiyo. Ukweli upo kati ya matukio hayo mawili: inawezekana, kwa wingu linalofaa, kwa kiasi kidogo, na wakati wa ukame mawingu yanayofaa ndiyo yanayokosekana.

Unguja hupata mvua ya kiasi cha milimita 1,600 kwa mwaka. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kizima kilikaa gizani kwa kuharibika njia ya umeme wa baharini, pampu zikasimama, na watu wa mjini wakapanga ndoo kutafuta maji yaliyokuwa chini ya miguu yao. Kiu ile haikuletwa na mbingu. Wala hailetwi na mbingu chumvi inayopanda katika visima vilivyo karibu na ufuo kila tunapovuta maji kuliko mvua inavyoyarudisha, huku wageni wakiongezeka na mahitaji yao ya maji yakizidi.

Waliotutangulia waliacha jibu lao katika mawe. Wamejenga mabirika misikitini, wamevitunza visima na mapango yenye maji, na Sultani Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, aliyaleta mjini kwa mabomba maji ya chemchemi ya upande wa Bububu. Hawakudai kuinyesha mvua. Waliipokea na kuiweka. Sayansi ya mbegu za mawingu inastahili kusomwa na vijana wetu, tena kwa bidii, kwa kuwa inafundisha unyenyekevu wa kuuliza "nimejuaje?" kabla ya kusema "nimefanya". Ila mwenye kutaka kukopa fedha kununua mvua ya angani aulizwe kwanza ile iliyonyesha masika yaliyopita imewekwa wapi.