Mlinzi Aliyealikwa: Ushindani wa Miji ya Pwani kwa Kulinganishwa na Uyunani

Mashairi ya vita ya Muyaka bin Haji wa Mombasa (takriban 1776–1840), pamoja na majibizano yake na watunzi wa Lamu, husomwa zaidi kama fahari ya lugha na ya mji. Makala haya yanadai kwamba ni vyema yasomwe pia kama ushahidi wa jinsi dola ya mbali inavyojipatia nafasi katika ugomvi wa majirani.

Uyunani ya kale inatupa kielelezo. Waajemi waliposhindwa vitani mwaka 480 na 479 K.K., hawakuacha kuiandama nchi hiyo, walibadili silaha. Kuanzia mwaka 412 K.K. waliifadhili Sparta, ikajenga jeshi la majini, na mwaka 404 K.K. Athens ikasalimu amri. Sparta ilipozidi nguvu, dhahabu ileile ikapelekwa kwa mahasimu wake, Thebes, Korintho na Argos. Mwaka 386 K.K. mfalme wa Uajemi aliwawekea Wayunani masharti ya amani, na miji yao ya Asia ikawa chini yake.

Pwani yetu ina kisa kinachokaribiana na hicho. Mnamo 1812 Mombasa ya Wamazrui, ikishirikiana na Pate, ilishambulia Lamu na kushindwa huko Shela. Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba aliyeomba ulinzi hapo ni mshindi. Lamu, ikichelea kisasi, ilimwendea Sayyid Said wa Oman, naye akatuma liwali. Wamazrui nao wakakimbilia Waingereza, ambao bendera yao ilipepea Mombasa kuanzia 1824 hadi 1826. Mwaka 1837 Said aliitwaa Mombasa, na pamoja nayo ushuru wa bandari iliyopokea pembe za bara, zikiwamo zilizopitia nchi ya Taita.

Ulinganishi huu una mipaka. Mfalme wa Uajemi alibaki kwake, ilhali Said alihamishia makao yake Unguja. Isitoshe, Wamazrui wenyewe asili yao ni Oman. Kwa hiyo neno “mgeni” halina budi kutumiwa kwa hadhari.

Hata hivyo, ulinganishi unamfaa mhakiki. Majibizano ya Mombasa na Lamu yaliwezekana kwa sababu mahasimu walishiriki lugha, bahari na kanuni za utunzi: anayekejeliwa ni mtu aijuaye kejeli, na jibu lake linatarajiwa. Muyaka alitunga pia dhidi ya utawala wa Said, lakini mamlaka ya liwali na forodha hayakuhitaji kumjibu kwa beti. Hapo ndipo ilipo huzuni ya tungo hizi. Miji iliyokuwa na uwezo wa kushindana kwa shairi ilimkabidhi mtu wa tatu uamuzi wa ugomvi wao, na alipokwisha kuamua, haukusalia mji wa kujivunia ushindi.